Imamu Asiyekula Sana

Tizgi, Jumanne ya soko, 4 Oktoba 1983

Kwa Shehe Allal, imamu wa mjini na mla nyama za karamu za watu,

Salamu nyingi. Nakujazia gunia zima la salamu kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho ukame haujakigusa. Hali yetu ni njema ukiondoa chakula, maji na watu.

Imamu wetu ametoroka. Sisemi amehama, wala kwamba aliaga. Ametoroka, tena katikati ya sala ya alasiri. Tulikuwa tumesujudu, tukangoja sauti ya kutuinua. Tukangoja. Nikajisemea moyoni, kumbe kijana huyu ni mcha Mungu, tulimdharau bure. Magoti yakaanza kulia. Nyuma yangu Hamu akanong'ona, "Amekufa?" Bassou akamjibu, "Nyamaza, utabatilisha sala." Mwisho Bassou mwenyewe akainua jicho moja, akaona zulia tupu. Mlango mdogo wa kando ya kibla ulikuwa wazi, na mbali barabarani vumbi la mtu anayekimbia ameshika viatu mkononi.

Simlaumu. Unaujua mkataba wetu na maimamu tangu enzi za babu zetu: kila nyumba inamlisha kwa zamu, anapata shayiri wakati wa mavuno na sufu wakati wa kunyoa kondoo. Mwaka huu mavuno hakuna, na kondoo wenyewe wako uchi. Zamu ya Bassou ilipofika, Bassou alikwenda kumtembelea mkwe wake ambaye hawasemezani. Zamu ya Hamu, Hamu alikuwa mgonjwa, na mkewe mgonjwa, na mbwa wao naye alikuwa amelala chali. Kwa Haji Bennaser, mkuu wetu wa kijiji, kijana alibisha hodi mpaka mkono ukamuuma, huku harufu ya nyama ikitoka chini ya mlango kumpokea. Zamu yangu nilimpa nilichokuwa nacho, zeituni na maneno mengi. Nadhani maneno ndiyo yaliyommaliza.

Watu wamekuwa wabaya, Allal, na mimi nimo. Anayepika anafunga madirisha. Tukikutana njiani kila mtu anatazama juu, eti anatafuta mawingu, kumbe anakwepa kusalimiana, asije akaombwa kitu. Unga wa msaada tulioahidiwa haujafika. Haji Bennaser anasema lori liliharibika njiani. Lori gani hilo linaharibika tangu Juni?

Sasa tunataka kusali sala ya kuomba mvua kabla msimu wa kupanda haujatupita, na hatuna wa kutusalisha. Izza, binti yangu, ameshafunga mikeka yake kwa kamba. Mumewe amesema Novemba ikiisha bila mvua wanahamia mjini na wajukuu wangu wote. Nikamwambia, "Na Mungu je, Izza?" Akanijibu, "Baba, Mungu yuko hata mjini." Nikamwambia, "Yuko, lakini huko ana foleni."

Basi njoo. Mimi unanijua: msikitini naenda kama mtu anavyokwenda kwa wakwe zake, nimeoga, nimenyamaza, na jicho langu liko mlangoni. Sina hakika kama dua inapanda au inagonga dari na kuturudia kichwani. Lakini kama inapanda, itapanda kwa sauti yako. Yangu inafanana na lango la zizi.

Ni mimi nduguyo wa chuoni,
Haddou


Meknes, 12 Oktoba 1983

Ndugu yangu Haddou, Mungu akulinde na ulimi wako,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara moja nikicheka na mara ya pili nikisikitika.

Ningekuja leo hii, lakini magoti yangu hayanipi ruhusa. Daktari amenikataza safari za milimani. Tena Zhor mke wangu ana kikohozi kibaya, siwezi kumwacha peke yake. Na kamati ya msikiti haipendi imamu aondoke, hasa kipindi hiki ambacho wanabishana kuhusu rangi ya mlango.

Usidhani huku watu ni malaika. Juzi nilipotangaza kwamba tuombee mvua, mtu mmoja alinisubiri nje akaniuliza, "Mvua ya nini, Shehe? Si tuna bomba?" Mwingine akanisihi niicheleweshe kidogo mpaka amalize kuezeka nyumba yake. Wa tatu ana duka. Akataka nimwombee riziki, kisha akainama sikioni akauliza kama kuna dua ya kumpunguzia riziki jirani yake. Nilimwambia haipo. Alinitazama kama mtu anayejua kwamba ninayo stoo.

Mtafuteni imamu kijana mwenye magoti mazima. Nawaombea.

Nduguyo,
Allal


Tizgi, Jumanne ya soko, 18 Oktoba 1983

Shehe wangu mwenye magoti,

Nimepokea magoti yako katika bahasha na nimeyaonyesha watu wote sokoni. Wanakupa pole. Bassou ameuliza: kama magoti ni mabovu hivyo, unawasujudishaje watu wa Meknes, au huko mnasali mmekaa kwenye makochi?

Mimi naujua ugonjwa wako. Umenenepa. Umezoea mkate mweupe, chai yenye sukari ya kutosha, na watu wanaokubusu bega. Ukikumbuka uji wetu wa shayiri, magoti yanalegea yenyewe. Sema tu, "Haddou, nimekuwa bwana mkubwa," nami nitakuacha na nitakuombea rangi nzuri ya mlango.

Imamu kijana tumemtafuta. Alikuja mmoja kutoka bonde la pili, tukamkalisha, tukampa chai. Akauliza, "Mkataba wenu ukoje?" Haji Bennaser akajibu kwa sauti nene, "Mwanangu, sisi ni watu wa kutegemea Mungu." Yule kijana akamaliza chai yake, akaomba kwenda kujisaidia, na mpaka leo anajisaidia.

Haji anataka tuweke kaseti ya sala ya mvua kutoka mji mkuu tuifuate. Tumeweka. Betri zikaisha tukiwa tumerukuu. Tukabaki tumeinama, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa chini. Sasa kijiji hiki kimetupwa na imamu mara mbili, mmoja wa nyama na mmoja wa betri.

Nakuuliza kwa mara ya mwisho, na safari hii sikutanii: unakuja?

Haddou


Meknes, 24 Oktoba 1983

Kwa Bwana Haddou wa Tizgi,

Anayeandika ni binti wa jirani yangu anayesoma skuli, na anayesema ni mimi Zhor, mke wa Shehe Allal. Binti ameapa hatamwambia mtu.

Bwana Haddou, mimi sina kikohozi. Sijakohoa tangu Ramadhani. Na magoti ya mume wangu ni mazima, jana alipanda juu ya paa kumfukuza paka. Usimwite mnene. Amekonda mpaka pete yake imehamia kidole gumba.

Majira ya kuchipua alisalisha hapa sala ya kuomba mvua, uwanja mzima ulijaa. Watu walilia. Aliporudi nyumbani alikaa na viatu vyake, hakuvivua, kama mgeni. Tangu hapo anakwenda msikitini, anasalisha, anarudi, na hapa nyumbani hainui mikono tena. Zamani nilikuwa namsikia akisema na Mola wake kama mtu anayesema na jirani kupitia ukuta. Sasa anatazama dari. Nikimuuliza anasema, "Nimechoka, Zhor." Nikamwambia choka basi kama watu wengine, ulale. Hapati usingizi.

Barua zako ndizo kitu pekee kinachomchekesha. Nakuomba usimtanie juu ya dini. Au mtanie, sijui mimi, dawa nyingine zote nimejaribu, hata asali ya milimani.

Usimwambie nimekuandikia.

Zhor
(na mimi Ghita ninayeandika, nakusalimu wewe na punda wako, Bi Zhor amenieleza habari zake)


Tizgi, Jumanne ya soko, 1 Novemba 1983

Ndugu yangu Allal,

Kwanza nataka ujue kwamba sijapokea barua ya mtu yeyote. Bi Zhor hajaniandikia, na hata kama angeniandikia nisingejua, maana nani angemwandikia, hakuna binti yeyote wa skuli ninayemfahamu. Hilo tumelimaliza.

Mpe pole mkeo kwa kikohozi chake. Mwambie asipande juu ya paa kufukuza paka, ni hatari kwa kifua.

Habari mpya ni kwamba watu wamenichagua mimi niwasalishe. Usicheke. Walikaa, wakahesabu nani anajua kusoma Kurani zaidi ya sura tatu, wakabaki Haji Bennaser na mimi. Haji akasema ana shughuli. Unajua elimu yangu: juzuu ya mwisho yote, na nusu ya ile iliyotangulia, kwa sababu nusu iliyobaki ilifika wakati wa zabibu na mimi sikuonekana chuoni. Nikawaambia, "Jamani, nitamwambia nini Mungu? Hatujazungumza vizuri tangu mke wangu afe." Bi Tuda, yule mama mzee wa bondeni, akasema, "Ndiyo vizuri, mtakuwa na mengi."

Basi niandikie inavyosaliwa, hatua kwa hatua, kama unavyomwelekeza mtu njia ya nyumba asiyoijua. Tutasali Jumatatu ya tarehe kumi na nne.

Na nina swali moja, nijibu kwa ukweli wako, si kwa ukweli wa mimbarini. Je, mtu asiye na hakika kama anasikilizwa, anaweza kusimama mbele ya watu akawaombea? Nauliza kwa ajili yangu.

Haddou


Meknes, 7 Novemba 1983

Haddou,

Namkabidhi dereva wa basi barua hii ili ikuwahi.

Fungeni saumu siku chache kabla, kwa anayeweza. Tokeni wote uwanjani, mmevaa nguo zenu za kila siku, kwa unyenyekevu: wanaume, wanawake, wazee, watoto, hata wanyama. Sali rakaa mbili kwa sauti. Ya kwanza soma Sabbihi, ya pili Washamsi, zote ziko katika juzuu unayoijua. Kisha khutba fupi, na uombe maghufira kwa wingi. Halafu geuka uelekee kibla, watu wakiwa nyuma yako, na upindue joho lako: upande wa kulia uende kushoto, wa ndani uwe nje. Wanaume wote wapindue kama wewe, wakiwa wamekaa. Maana yake ni kumwomba Mungu aipindue hali yetu kama tulivyopindua nguo. Mtu asilirudishe joho lake mpaka afike nyumbani. Ndipo uinue mikono uombe.

Lakini kabla ya hayo yote, wenye ugomvi wapatane, na kila aliyemdhulumu mwenzake arudishe haki. Hapo ndipo sala nyingi zinapokwama, na si katika kisomo.

Kuhusu swali lako. Limenikalisha siku tatu. Nimepitia masharti ya imamu kama tulivyofundishwa: awe na akili timamu, awe tohara, ajue kusoma. Sikuona walipoandika kwamba lazima awe na hakika. Labda waliona haisemeki. Labda wao wenyewe walikuwa wanaogopa kuuliza. Usiichukue hii kuwa fatwa. Ni maneno ya mtu mmoja kwa mwenzake.

Ukimaliza kusali niandikie ulichoona. Niandikie kila kitu.

Kwa nini unadhani Zhor anapanda paa?

Allal


Tizgi, Jumanne ya soko, 15 Novemba 1983

Shehe wangu,

Tumesali jana. Keti chini, na mwite Bi Zhor akushike.

Tulitoka wote mpaka uwanja wa kupuria. Kwa desturi yetu tuliwatenga wana-kondoo na mama zao, na watoto wachanga na mama zao, ili vilio vifike juu. Vilifika. Punda wangu naye akaona si vizuri kubaki nyuma. Kama Mungu alikuwa amelala, Mungu nisamehe, hakulala tena jana.

Nikasema, "Kabla sijaanza, kila mwenye haki ya mtu airudishe." Kila mtu anatazama viatu vyake. Kisha Bassou akakohoa akamwambia Hamu, "Lile jiwe la mpaka, huwa nalisogeza." Hamu akasema, "Najua. Nami huwa nalirudisha, na zaidi kidogo." Wakakumbatiana wakilia, na nadhani bado hawajui shamba linaishia wapi. Mwingine akakiri kuku. Mwingine jogoo. Izza akaniambia mbele za watu kwamba mikeka aliyofunga, mmoja ni wangu. Nikamgeukia Haji Bennaser aliyekaa safu ya mbele katika lile joho lake jeusi la sufu, lenye nakshi za hariri. Nikasema, "Na wewe, Haji?" Akasema, "Mimi, namshukuru Mungu, sina haki ya mtu hata ya punje."

Basi nikasalisha. Sabbihi nilitoka nayo salama. Washamsi niliianza vizuri, nikajikuta natokea mwisho wa Walaili, sura inayofuata, sijui nilipita njia gani. Hakuna aliyegundua ila Haji, na Haji hakusema, kwa sababu nitakazokueleza.

Khutba yangu ilikuwa hivi: "Ewe Mola, tusamehe, sisi ni watu wa kufunga madirisha tukipika." Nikaona imetosha. Nikageuka kibla, nikapindua joho langu, nikawaambia nao wapindue. Nikasikia nguo zinavuma nyuma yangu. Kisha nikasikia mtu anacheka. Mmoja, halafu watatu, halafu uwanja mzima, wanaume kwa wanawake. Nikajua suruali imenivuka. Nikajishika, ipo. Sikuthubutu kugeuka, maana hukuniandikia kama inaruhusiwa.

Ndipo nikamsikia Bi Tuda kutoka safu ya wanawake, kwa ile sauti yake inayovuka bonde:

"Haji Bennaser! Mbona umevaa chakula chetu?"

Nikageuka. Allal, ndugu yangu! Mke wa Haji ni mwanamke mwekevu, hatupi kitu. Joho lilipochakaa ndani aliliwekea bitana kwa mifuko ya unga, ile ya kitambaa kizuri cha pamba. Kusoma hajui. Haji anajua, lakini nani huangalia bitana ya joho lake mwenyewe? Mgongo mzima, kutoka bega hadi bega, picha ya shuke la ngano na mikono miwili inayopeana, na chini yake kwa wino wa buluu: MSAADA WA UKAME. HAUUZWI. Wasiojua kusoma walijua picha, maana ndiyo ile iliyobandikwa mlangoni mwa msikiti tangu Juni, ya unga ambao lori lake liliharibika.

Haji akaanza kulivua alirudishe. Hamu akamshika mkono kwa upole kabisa: "La, la, Haji wetu. Shehe Allal ameandika kutoka mjini. Mtu halirudishi mpaka afike nyumbani." Na unakumbuka nyumba yake iko wapi, juu kabisa, kupita kijiji kizima.

Nikawaambia, "Nyamazeni, hatujamaliza, bado dua." Nikageuka tena kibla. Nikainua mikono. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yote yakapotea, kicheko kiliyabeba. Nikasema, "Bwana, ni mimi Haddou." Kisha sikuwa na la kuongeza. Nikakaa hivyo na mikono juu, na nyuma yangu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, mpaka nikasikia watu wazima wanalia. Sikuwaliza mimi. Mimi sikusema kitu.

Leo alfajiri mlangoni mwa msikiti kulikuwa na magunia ya unga yamepangwa vizuri. Haji anasema ni malaika. Kama ni malaika, wana trekta lenye pancha tairi la nyuma, kama lile la Haji.

Mvua hatujaiona. Mbingu ni safi kama sahani ya Bassou.

Haddou

Bi Zhor anapanda paa kwa sababu ya paka. Sijui zaidi ya hapo.


Meknes, 20 Novemba 1983

Haddou,

Mvua yenu ilinyesha hapa. Jumatatu ile ile, baada ya adhuhuri, mpaka magharibi. Soko la viatu lilielea. Mtu wa "si tuna bomba" alikuja mbio, suruali ameikunja magotini, akaniomba dua ya kuikatiza. Nilimwambia mvua hii si ya kwetu, imepotea njia, nami sina mamlaka juu ya mali ya watu wa Tizgi.

Barua yako ilipofika niliisoma uani, nikacheka mpaka nikaketi kwenye tope. Zhor akatoka mbio akadhani nimepatwa na kiharusi. Nilipoweza kupumua nilimsomea, akacheka naye. Kisha akalia, kisha akaniambia kwamba alikuandikia. Nilikwishajua. Mtu asiye na barua ya mtu haandiki mistari minne kusema hana barua ya mtu.

Sasa nikuambie, kwa ukweli wangu.

Majira ya kuchipua nilisimama mbele ya umati ambao sijapata kuuona. Nikainua mikono, nikaomba, watu wakalia. Katikati ya dua nikajigundua nasikiliza sauti yangu. Nilikuwa nikipima kama pale niliporefusha palipendeza. Nikajaribu kumtafuta Yule ninayemwomba, nikakuta sipo karibu naye, wala sikujua tangu lini. Mvua haikunyesha, lakini si hilo. Hata ingenyesha, ningejua siyo mimi niliyeiomba.

Tangu siku hiyo nikiinua mikono ni kama nabisha hodi kwenye nyumba bila kujua kama kuna mtu ndani. Mchana nasalisha kwa sababu ni kazi yangu. Nyumbani sithubutu, kwa sababu huko si kazi.

Ndiyo maana nilikudanganya juu ya magoti. Uliniita bwana mkubwa na nikashukuru, kwa sababu ni aibu ndogo kuliko hii. Wewe ulisema "ni mimi Haddou" ukakaa kimya. Mimi nina maneno ya saa nzima na sina hata moja la namna hiyo.

Kwa hiyo mtafuteni mwingine, na wewe uendelee mpaka apatikane. Imamu wa namna yangu mtampeleka wapi?

Allal


Tizgi, Jumanne ya soko, 29 Novemba 1983

Allal,

Kwanza mvua. Ni yetu. Tuliiomba sisi, tulifunga sisi, punda aliyelia ni wa kwangu. Tunaitaka irudishwe, hata kama imetumika.

Pili, barua yako niliisoma peke yangu chini ya ukuta, na sikutania mtu siku nzima. Izza akaniletea chai ya mgonjwa.

Tatu, usinikasirikie. Tulikaa kikao cha kutafuta imamu na nikawaambia. Si yote. Nilisema, "Yupo mmoja, ni mwanachuoni, sauti yake ni asali, lakini siku hizi hana hakika kama anasikilizwa." Nikangoja wapige kelele.

Bassou akauliza, "Anakula sana?"

Nikasema, "Amekonda. Pete yake imehamia kidole gumba."

Bassou akasema, "Mimi namkubali."

Hamu akasema, "Yule aliyekimbia alikuwa na hakika ya kila kitu, na angalieni alitufanyia nini tukiwa kwenye sijida."

Bi Tuda akasema, "Mume wangu alinitilia shaka maisha yake yote, na kila jioni alirudi nyumbani. Aje."

Haji Bennaser alikubali kabla ya wote. Siku hizi anakubali kila jambo kwa sauti ndogo, na ameomba zamu ya kwanza ya kulisha iwe ya kwake, na ya pili pia. Mkewe amekwishaweka bitana nyingine, na safari hii Haji mwenyewe alikaa naye akaisoma.

Kwa sababu ya unga, mume wa Izza amekubali kungoja kidogo. Si sana. Anatazama mbingu na mimi namtazama yeye. Mikeka bado imefungwa, ila mmoja wameufungua, wanasema wajukuu hawana pa kukaa. Jumatatu ijayo tunasali tena. Shayiri bado inaweza kupandwa tukiharakisha.

Wanataka nisalishe mimi. Nimekataa. Nilisimama pale mara moja, Allal, na kitu fulani kilinipita ambacho sikijui jina, nami ni mzee, siwezi kukipokea kila wiki. Tena Walaili na Washamsi bado zimechanganyika.

Panda basi la Jumamosi. Mlete Bi Zhor, hewa ya milimani ni nzuri kwa kikohozi ambacho hana. Mwambie dereva unateremka Tizgi, nitakuwa barabarani.

Usije na maneno. Unasema nyumba unayobisha huna hakika kama ina mtu. Sawa. Sisi huku tumebisha mpaka mlango umelegea, na bado tunabisha. Wewe simama mbele tu, mgongo wako utuelekee, tuone pa kupanga safu. Ya kumwambia tunayo sisi.

Haddou